Kutoka 56 hadi Ondiri kwa miguu

Kila ninaporudi Tanga naulizwa swali lile lile: mtu aliyesomea kompyuta, mwenye akili zake timamu, anafuata nini Kawangware? Mama huuliza kwa upole. Wajomba huuliza kwa kicheko. Rafiki zangu niliosoma nao huuliza huku wakinitumia habari za vijana wa Ulaya na Marekani walioacha kazi wakaenda kukaa Pokhara, kule Nepal, ambako chumba ni rahisi, chai ni rahisi, na mtu anaandika programu asubuhi kisha jioni anazunguka vilimani akitazama mbuzi. "Si uende huko basi, kama shida yako ni kubana matumizi," wananiambia.

Nauli ya ndege tu ya kwenda Nepal ingemeza miezi mingi ya akiba yangu. Hilo jibu la kwanza. La pili ni kwamba vilima ninavyo. Kathmandu ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi imepita 1,600, na ukitoka kwangu ukaelekea magharibi ardhi inazidi kupanda mpaka ukingo wa Bonde la Ufa. Mbuzi pia tunao, tena wengi, ingawa wengi wao wapo safarini kwenda machinjioni Dagoretti. Nitafika huko.

Kwanza nimalize habari ya pesa, maana najua ndiyo wengi mnayoitaka. Dar es Salaam ukitaka chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka mzima. Dalali naye anataka mwezi wake. Mtu asiye na mshahara wa kudumu anaweza kuwa na uwezo wa kulipa kila mwezi na bado asipate pa kulala, kwa sababu hana ule mlima wa pesa za mwanzo. Nairobi unalipa mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja, unapewa ufunguo. Chumba changu kipo ghorofa ya tatu, nyumba ya mawe, choo cha pamoja kwenye korido, shilingi 6,500 za Kenya kwa mwezi. Intaneti ya mtaa 1,500, waya umepitishwa dirishani na kijana mwenye ngazi. Umeme (hapa wanaita stima) nanunua kwa tokeni kupitia simu, na kwa kuwa laptopu ndiyo mlaji mkubwa, 500 inanifikisha mwisho wa mwezi. Chakula cha kibandani, chapati mbili na maharage, kinanitosha mchana. Nikijumlisha yote, pamoja na nauli na sabuni, sivuki 22,000. Zidisha mara 20 upate hela ya Tanzania, kwa kadiri ya bei ya mwaka 2024. Sasa linganisheni wenyewe.

Jina la mtaa linawachekesha watu wa nyumbani. Kawangware ni kubwa, na sehemu zake mbili zinaitwa kwa namba za matatu zinazokwenda huko: 46 na 56. Ukimwambia mtu "nakaa fifti-siksi" anakuelewa mara moja. Mimi naona ni utaratibu wa kiprogramu kabisa, kitu kinaitwa kwa anwani yake.

Watu wasioijua Nairobi huichanganya Kawangware na Kibera, kana kwamba mabati yote ni mamoja. Siyo. Kibera ilianza kama ardhi ya jeshi ambako askari wa Kinubi walipewa ruhusa ya kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo sehemu kubwa ni ardhi ya serikali. Wanubi wenyewe walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya miaka zaidi ya mia moja ya kungoja. Huku Dagoretti ilikuwa ardhi ya koo za Wakikuyu ambayo jiji liliikuta na kuimeza. Mwenye chumba changu ana hati. Babu yake alilima viazi hapo ninapoandika msimbo. Ndiyo maana ukitembea Kawangware unaona shamba dogo la sukuma limebanwa katikati ya maghorofa mawili: mzee mmoja bado hajakubali kujenga, au watoto wake bado hawajamaliza kugombana.

Nakaa hapa kwa sababu naandika programu ya kukagua tahajia za Kiswahili. Si orodha ya maneno tu, hizo zipo. Nataka programu inayolivunja neno vipande vipande: *hatukuwaandikia* ni ha-tu-ku-wa-andik-i-a, na kila kipande kina kazi yake. Kiswahili kinampa mwandishi wa programu raha na mateso kwa pamoja, maana kitenzi kimoja kinaweza kuzaa maelfu ya maumbo halali, na hakuna kamusi itakayoyaorodhesha yote. Nilikuwa na mteja mmoja Arusha aliyenilipa vizuri kwa mfumo wa stoo, nikaweka akiba, nikasema nitajipa mwaka mmoja. Ilipofika Agosti 2024 mwaka ulikuwa umekatika na akiba imebaki ya miezi minne. Programu ilikuwa bado inakataa maneno halali kwa wingi.

Wiki hiyohiyo nikapata barua pepe. Kampuni moja inayokopesha watu kwa simu, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeona msimbo wangu na inanitaka. Mshahara 180,000 kwa mwezi. Soma tena hiyo namba ukikumbuka ile 22,000. Kazi: kuandika sehemu ya programu yao ya kukusanya madeni. Maelezo yalikuwa ya kitaalamu, maneno mengi ya takwimu, lakini nikiyavua nguo yanasema hivi: mkopaji akisakinisha programu, isome orodha ya majina kwenye simu yake, ikisie nani ni mama, nani ni bosi, nani ni rafiki wa kila siku, mkopaji akichelewa, iwatumie hao ujumbe. Kiswahili changu ndicho walichokitaka. Programu inayojua kuwa "Mama Mkwe", "Mamamkwe" na "mthr wa wife" ni mtu mmoja, hiyo ndiyo sehemu ngumu, na mimi tayari nilikuwa nayo nusu.

Walitaka jibu Jumatatu. Jumamosi nikaamua kwenda kutembea.

Hapa niseme kitu kuhusu neno lenyewe. *Kutembea* kwetu ni kwenda kwa miguu, na pia ni kwenda kumjulia mtu hali. "Amekuja kutembea" maana yake ni mgeni, hata kama alikuja na basi. Hakuna neno la haraka la kwenda kwa miguu bila kutumwa, bila mgonjwa wa kumwona, bila deni la kudai. Jirani yangu wa mlango wa pili aliponiona asubuhi navaa viatu vya mpira na begi mgongoni alitaka kujua nani amefariki.

"Hakuna msiba, kaka. Naenda tu kuzunguka. Kikuyu, mpaka kwenye bwawa la Ondiri."

"Kwa miguu? Na pesa ya matatu unayo?"

"Ninayo."

Akanitazama kidogo. Yeye hufanya kazi ya mjengo, siku za kazi huenda kwa miguu hadi Kilimani au Westlands na kurudi, kama maelfu wa Kawangware ambao ukiamka saa kumi na moja alfajiri unasikia viatu vyao kabla hujasikia matatu. Kwake kutembea ni nauli ambayo hukuitoa. Kumbe naye alikuwa anaelekea Kikuyu siku hiyo, kumfuata msimamizi wa mjengo mmoja aliyekuwa na malipo yake ya siku tisa. "Basi twende, TZ," akasema (ndilo jina langu hapa, na sijalikataa). "Mimi huwa natembeanga hiyo njia. Lakini sijawahi kuipitia kwa raha. Leo nitaona inakaanga aje."

Tukaanza saa mbili asubuhi. Agosti Nairobi ni baridi, mawingu yanakaa juu ya jiji kama kifuniko cha sufuria, na mtu wa Tanga hutembea amejikunyata. Tukapita vibanda vya mitumba vikifunguliwa, punda wa maji, mandazi yakitolewa kwenye mafuta, kisha Kabiria, kisha Waithaka. Mji hauishi ghafla. Unapungua. Kwanza maghorofa yanakuwa ya mbili badala ya tano, halafu ukuta wa mawe unageuka ua wa michongoma, halafu unasikia ng'ombe na humwoni, kwa sababu amefungiwa bandani na analetewa majani. Majani hayo mengi ni yale marefu ya tembo, yanabebwa kwa mgongo, kwa baiskeli, kwa mkokoteni. Chini kabisa, kando ya barabara, pametandikwa nyasi fupi ngumu zinazotambaa. Hizo ndizo zinazojulikana kwa jina la Kikuyu hadi Australia na Afrika Kusini, wanazipanda kwenye viwanja vya michezo na kuzilipia. Hapa zinaota zenyewe na mbuzi wanazitafuna bure.

Udongo ni mwekundu kupita kiasi. Mabonde ni membamba na ya mfululizo: unashuka, kijito, unapanda, mgongo wa kilima, unashuka tena. Chini kwenye unyevu wamepanda nduma, majani yake makubwa kama masikio ya tembo. Miteremkoni mahindi, viazi, parachichi. Mtu aliyeniambia niende Nepal kwa ajili ya matuta ya mashamba hajawahi kuteremka nyuma ya Waithaka.

Jirani alikuwa anazungumza muda wote na mimi nilikuwa namsikiliza kwa masikio mawili, moja la mtu na moja la programu. *Natembeanga. Nakujanga. Siendangi.* Mnaojua Nairobi mnaijua hiyo -nga ya mazoea. Walimu wa Kiswahili wanaichukia. Programu yangu nayo ilikuwa inaichukia: ukiiandikia *nakujanga* inapiga mstari mwekundu na kupendekeza *nakujenga*, kwa kuwa tofauti ni herufi moja. Nilimweleza jirani, akacheka mpaka akasimama. "Hiyo mashini yako inajua kazi yangu."

Lakini ngoja. Kwetu bara hatusemi *nakujanga*, tunasema *nakujaga*. *Nakulaga hapa kila siku. Siendagi huko.* Miaka yote nimeichukulia -ga kuwa uzembe wa vijiweni Tanzania, na -nga kuwa uzembe wa Nairobi, vitu viwili mbalimbali. Nikiwa napanda mgongo wa kilima kuelekea Dagoretti, pumzi juu juu, nikaona ni kipande kimoja. Kinakaa mahali pamoja, mwishoni baada ya irabu ya mwisho. Kinafanya kazi moja, mazoea. Kikiwa kwenye ukanushi kinageuka kwa namna moja, -ngi huku na -gi kule. Na lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha mazoea cha sura hiyo, kwa hiyo wanaokileta mjini hawakukosea, walikuja nacho kutoka nyumbani. Kanuni moja yenye herufi moja ya hiari ingemaliza maneno mia kadhaa ya makosa kwenye orodha yangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo miezi na sikuiona. Nikaandika kwenye simu, vidole vimeganda.

(Najua baadhi yenu mtaniandikia kwamba *-nga* si Kiswahili sanifu. Sawa. Programu itaiwekea mstari wa kijani badala ya mwekundu, mwenye kutaka usanifu ataamua mwenyewe.)

Dagoretti Market unaijua kwa harufu kabla ya macho. Hapa ndipo machinjio yaliyo maarufu kwa kuilisha Nairobi, na barabara ina malori ya ng'ombe, pikipiki zenye masanduku ya nyama, na majiko ya kuchoma yanayoanza mapema kuliko unavyodhani. Tulikunywa chai ya maziwa. Upande wa kusini-magharibi mawingu yalifunguka kidogo tukaviona vilima vya Ngong, vile vifundo vyake vya ngumi, na mitambo ya upepo juu yake ikizunguka polepole. Ile ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na leo mitambo yote ina uwezo wa megawati 25.5. Jirani alikuwa na haraka na nyama, si megawati, lakini hakuwa na pesa za nyama mpaka aonane na msimamizi. Nikamwambia nitanunua robo. Akakataa. Nikanunua. Akala.

Ni kwenye benchi hilo aliponiambia habari ya mkopo. Sikuwa nimemuuliza, wala hakuwa na habari ya ile barua pepe. Tulikuwa tunazungumzia malipo ya siku tisa, akasema sababu ya kuyafuata kwa miguu mpaka Kikuyu ni kwamba hataki tena kukopa kwa simu. Mwaka uliopita mtoto aliugua, akachukua 3,000 kwenye programu mojawapo. Kazi ikakatika wiki mbili. Siku ya nane baada ya tarehe wakaanza kuwapigia watu. Walimpigia msimamizi wake. Walimtumia ujumbe jamaa anayemuuzia maji. Kisha wakampigia mama mkwe, Vihiga.

Alipofika hapo akanyamaza, akawa anafuta mafuta kwenye vidole kwa karatasi moja muda mrefu.

"TZ, wewe hujui. Kwetu mama mkwe mimi siwezi hata kukaa naye meza moja. Nikimwona njiani nakaa kando apite. Sasa mtu wa ofisi, msichana mdogo, anampigia anamwambia 'huyu mume wa mtoto wako ni mwizi.' Mama mzima. Akauza kuku akalipa. Tangu hiyo siku mimi sijaenda huko. Hata mazishi ya shemeji sikuenda. Nitaingilia mlango gani?"

Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa za watu ni ya 2019. Kanuni za Benki Kuu za wakopeshaji wa kidijitali ni za Machi 2022, na zinakataza waziwazi kumfuata mkopaji kupitia majina yaliyo kwenye simu yake. Niliyajua hayo, niliyasoma usiku wa Ijumaa nikitafuta mahali pa kupitishia dhamiri. Barua yao ilikuwa na jibu tayari: orodha ya majina inasomwa kwa ajili ya "kuthibitisha utambulisho", ujumbe utatumwa tu "kwa ridhaa". Ridhaa ni kile kitufe ambacho mtu mwenye mtoto mgonjwa hukibonyeza saa tano usiku. Nimewahi kubuni vitufe, najua vinavyofanya kazi.

Tukaendelea. Kutoka Dagoretti kwenda Thogoto barabara ina miti zaidi, na mkikaribia barabara kuu ya pembeni, ile ya Southern Bypass, unasikia malori ya Mombasa kabla ya kuyaona. Mahali hapa historia imelala ovyo ovyo na hakuna anayeitazama. Lugard alijenga ngome yake Dagoretti mwaka 1890 na kuapishana na Waiyaki wa Hinga. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikuwa amekamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Leo ipo barabara kuu yenye jina lake. Thogoto ilikuwa misheni ya Waskoti, na watu husema jina lenyewe ni "Scot" lililopita kwenye ulimi wa Kikuyu. (Ulitamke polepole, utaona.) Jomo Kenyatta aliingia shule hapo akiwa kijana, mwaka 1909. Mbele kidogo ipo Alliance, iliyofunguliwa 1926, imezalisha mawaziri wasiohesabika. Tulipita getini. Jirani akasema mvulana wake yupo darasa la sita na anapenda hesabu, akaitazama ile nyasi iliyokatwa vizuri, hakusema zaidi.

Nilimwambia hapo. Nilimweleza kazi yote, mshahara, moduli, majina ya kwenye simu, mama mkwe kwa tahajia tatu. Nilitegemea atakasirika, na labda nilitaka akasirike ili aamue kwa niaba yangu.

"Mia na themanini? Kwa mwezi?"

"Ndiyo."

"Chukua."

"Kaka, lakini umeniambia sasa hivi…"

"Nimekuambia. Na wewe ukikataa wataitanga mwingine aandike. Wewe una mama Tanga. Chukua pesa." Tukatembea labda mita mia mbili. "Ila usiniambie siku ukianza. Na mlango tutasalimiana tu."

Sijui kama mtu aliwahi kunipa ushauri wa haki zaidi ya huo. Hakunidanganya upande wowote.

Ondiri haina bango kubwa. Unapita mji wa Kikuyu, unateremka, na pale chini ya nyumba na vibanda vya plastiki vya wakulima wa maua na mboga pana bonde bapa la kijani lililojaa matete, ndege wanapiga kelele, na hewa imebadilika. Linaonekana kama shamba. Siyo shamba. Chini ya mimea ni maji, na mimea imesukana ikawa mkeka unaoelea; ukikanyaga pembeni penye ugumu wa kutosha unahisi ardhi inatikisika kama godoro, na mita chache mbele majani nayo yanatikisika. Wenyeji wanawakataza watoto kuingia, nasi tulikaa kwenye ukingo. Hapa ndipo Mto Nairobi unapoanzia.

Jirani hakuniamini. Mto Nairobi anaoujua yeye ni ule unaopita kati ya Kawangware na Kangemi, mweusi, una mifuko na povu. Nikamwonyesha mahali maji yanapotokea. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, unaona mchanga. Akachutama akatia mkono, akasema ni baridi. Kwa miaka mingi bwawa lilikuwa linakauka, miti ya mikaratusi ilipandwa pembezoni na pampu zikawa zinavuta, mpaka wakazi wakaunda kikundi chao wakaanza kung'oa mikaratusi na kupanda mianzi na miti ya kienyeji. Maji haya yanakwenda kuungana na Athi, Athi inageuka Galana, inageuka Sabaki, inaingia baharini karibu na Malindi. Bahari ile ile ya kwetu Tanga. Nilimweleza, akasema basi nimwandikie mama barua niitie majini.

Tulikaa hapo karibu saa moja na nusu. Jirani alilala kwenye nyasi akafunika uso kwa kofia. Nilimaliza kanuni ya -nga kwenye simu, nikaijaribu kichwani kwa vitenzi vya silabi moja, *kula, kuja, kufa, kunywa*, ikashikilia. Kisha nikafungua ile barua pepe na kuwaandikia mistari minne: nashukuru, sitaweza, sababu ni kwamba kazi yenyewe inakwenda kinyume na kanuni za 2022, na nisingependa msimbo wangu wa wazi utumike humo ingawa najua leseni yake haiwazuii. Hiyo sehemu ya mwisho ilinichukua muda. Leseni niliyoichagua inaruhusu yeyote kutumia kwa lolote, na nilipoichagua nilikuwa nawaza walimu na magazeti. Mtandao wa Kikuyu ni mzuri, ilikwenda mara moja.

Msimamizi alilipa siku tano kati ya tisa. Jirani akasema ni nzuri, alitegemea nne. Tulirudi kwa matatu, yeye akanilipia, na alilala njia nzima.

Jumatatu jioni wakajibu kwa adabu. Mwezi uliofuata nilihamia chumba cha mabati cha 3,500 uani kwa mwenye nyumba yule yule, akiba ikanyooka kidogo, na yule mteja wa Arusha akanipa kazi ndogo ya ripoti za kila mwezi. Programu bado haijakamilika. Inakubali *nakujanga* na *nakujaga*. Bado inagombana na *kanyumba* na wingi wake *tunyumba*, ambayo watu wa hapa husema kutwa nzima, na hilo nitaliandikia siku nyingine maana ni refu.

Mkitaka kwenda wenyewe: ni kilomita kumi na kadhaa, saa tatu na nusu kwa mwendo wa kuzungumza. Msiende Aprili, udongo mwekundu ukilowa unavua viatu. Bebeni maji. Barabara kuu ya pembeni msivuke kwa mbio, malori yale hayana breki za huruma. Na bwawani kaeni ukingoni.